Aliyepagawa ni Nani? Hadithi ya Kutisha na Njia ya Tabora

Lipo dai ambalo nimelisikia mara nyingi miongoni mwa waandishi wenzangu: kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mawaidha na kejeli, lakini kikipewa hadithi ya kutisha hakifiki mbali. Huishia kwenye majini, kucha za bandia na vicheko vya makaburini. Kitisho cha nafsi, kile kinachomtambaa mtazamaji taratibu bila mzimu wowote kuonekana, wanasema ni mali ya lugha za wengine.

Nalipinga dai hilo. Kitisho cha nafsi kimo katika Kiswahili tangu zamani, na kimo hasa katika Kiswahili kilichosafiri kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Kasoro yetu haiko katika uhaba wa maneno. Kasoro ni kwamba, tunapotaka kutisha, tunamwelekezea kamera mtu asiyestahili.

Nitaanza mbali kidogo, na tamthilia ya Marekani iitwayo Hannibal, iliyorushwa na kituo cha NBC kuanzia 2013 hadi 2015. Ina misimu mitatu na sehemu 39, na wahusika wake wakuu wanatoka katika riwaya za Thomas Harris. Will Graham ni mshauri wa wapelelezi mwenye kipaji cha kuogofya: akisimama mahali palipotendeka mauaji, huweza kuingia katika fikra za muuaji na kuwaza kama yeye. Daktari Hannibal Lecter ni tabibu wa akili, msomi, mpishi hodari na mwenyeji mkarimu. Hapayuki, hatukani, hakatizi maneno ya mtu. Ni mla watu. Sehemu zote za msimu wa kwanza zimepewa majina yatokanayo na mapishi ya Kifaransa, kana kwamba mtazamaji naye amealikwa mezani.

Sehemu ya nne ya msimu huo inaitwa Œuf, yaani Yai. Ndani yake familia zinauawa nyumbani mwao, na inabainika kwamba wauaji ni watoto wa familia hizo hizo, wavulana waliokuwa wametoweka. Mwanamke mmoja, aliyeigizwa na Molly Shannon, amewakusanya na kuwashawishi kwamba yeye ndiye mama yao wa kweli, na kwamba ili jamaa mpya isimame, ile ya kwanza sharti iondoke. Wakati huohuo, katika nyumba ya Hannibal, binti aliyefiwa na wazazi anaandaliwa mayai na soseji, na chai ya uyoga unaolevya akili. Anapoinua macho mezani, anawaona wenyeji wake kama baba na mama yake waliokufa. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Amekaribishwa tu, kwa maneno laini.

Sehemu hiyo haikurushwa na NBC kama ilivyopangwa Aprili 2013. Mtunzi mkuu wa tamthilia, Bryan Fuller, ndiye aliyeomba iondolewe. Marekani ilikuwa bado na majonzi ya mauaji ya wanafunzi wa shule ya msingi huko Newtown, Desemba 2012, na katikati ya Aprili hiyo mabomu yalikuwa yamelipuka Boston. Jambo lililonivutia ni sababu aliyoitoa. Hakulalamikia damu, kwani sehemu nyingine za tamthilia hiyo zina damu zaidi. Alihofia yale ambayo mada yenyewe ingeyaamsha katika mawazo ya watazamaji. Kwa maneno mengine, alitambua kwamba hadithi haifiki kwa mtazamaji ikiwa tupu. Humkuta na mzigo alionao tayari, ikauongeza.

Neno mzigo ndilo linalonirudisha kwetu. Njia ya kati ya misafara, ile waliyoipita Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857, ilikuwa njia ya mizigo, na lugha yake ilikuwa lugha ya mizigo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo, shanga na masango kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Njia hiyo ilizoea kubadilisha maneno kama ilivyobadilisha bidhaa. Hongo, kwa mfano, ilikuwa ushuru uliolipwa hadharani kwa watemi ili msafara upite. Leo ni rushwa inayopitishwa chini ya meza.

Sasa litazame neno mpagazi lenyewe. Kitenzi pagaa kina maana ya kubeba mzigo begani. Kina pia maana ya pili: pepo kumwingia mtu na kumtawala. Kutoka mzizi mmoja tumepata mpagazi aliyelemewa na pembe na mtu aliyepagawa na asichokiona. Lugha nyingine zinaweza kuandika kurasa nyingi zikieleza kwamba wazimu ni mzigo ambao mtu amebebeshwa na mwingine. Kiswahili kimelisema hilo kwa kitenzi kimoja. Anayedai kwamba hatuna msamiati wa kitisho cha nafsi hajafungua kamusi.

Wala hatukosi sauti ya kusimulia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu huyu alikuwa na mizizi Tabora: baba yake aliishi huko na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hata lakabu yake ni tanakali ya sauti. Mwenyewe aliieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema imetokana na kupepesa kwake macho. Ukiyasoma maisha hayo, hutakuta mayowe. Utakuta biashara, mikopo, frasila za pembe, vita na vifo, vyote vikienda kwa mwendo mmoja mtulivu, wa mtu mwenye adabu anayetoa hesabu. Mateka wanapita katika sentensi kama shehena nyingine. Msomaji wa leo hutetemeka pale ambapo msimulizi hatetemeki hata kidogo. Miaka mingi kabla ya Daktari Lecter kuketi mezani, Kiswahili kilikuwa kimeshaandika kitisho kwa sauti ya upole.

Kwa nini basi filamu zetu za kutisha zinakwenda kwingine? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitupatia Nsyuka na Shumileta, na wengi wakafuata nyayo. Siwabezi hata kidogo. Walifanya kazi kwa fedha kidogo, wakawapa watazamaji wao hofu waliyoitambua, wala hakuna ubaya katika jini la hadithi. Lakini katika misururu ya filamu iliyofuata limejengeka umbo moja ambalo nina ugomvi nalo: bibi kizee mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake, anayenong’ona usiku. Kila kamera inapomsogelea, muziki unapanda, na mtazamaji anafundishwa mahali pa kuweka hofu yake.

Katika nchi nyingine huenda umbo hilo ni mchezo tu. Kwetu, na hasa katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, si mchezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa kutuhumiwa uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Julai 2017, katika kijiji cha Uchama wilayani Nzega, mkoa wa Tabora, wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma hizo. Na macho mekundu, ambayo filamu huyatengeneza kwa rangi, bibi zetu huyapata jikoni: ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng’ombe, uliokusanyika katika miaka hamsini ya kupikia wengine. Mwanamke amewalisha watoto na wajukuu mpaka macho yakaharibika, kisha macho hayo hayo yakawa ushahidi dhidi yake.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyoshika panga. Mauaji haya yalikuwapo kabla ya runinga kufika Unyamwezi, na nyuma yake mara nyingi kuna mambo ya kawaida kabisa: shamba, urithi, ng’ombe, mtoto aliyefariki bila zahanati karibu. Ninachosema ni kile alichokitambua Fuller: mtazamaji ana mzigo tayari. Anayemwongezea mzigo huo kwa ajili ya msisimko wa dakika arobaini ana la kujibu.

Sisi watu wa lugha pia tuna la kujibu, maana kuna sentensi ambayo magazeti yetu yamekuwa yakiichapa kwa miaka mingi, na ambayo kwa kawaida husomeka hivi: kikongwe ameuawa kwa kukatwakatwa mapanga na watu wasiojulikana, chanzo kikidaiwa kuwa ni imani za kishirikina. Ichambue kama unavyochambua ubeti.

Kikongwe: hana jina. Ameuawa: kauli ya kutendwa, inayomtanguliza maiti na kumsogeza nyuma mtenda. Watu wasiojulikana: hawajulikani na nani? Kijijini aliyekuja usiku mara nyingi anajulikana, na aliyemtuma anajulikana zaidi, kwani pengine alikaa mstari wa mbele mazishini. Imani za kishirikina: hapa imani imekuwa mtuhumiwa, kana kwamba imani ndiyo iliyonoa panga na kuruka ua. Sentensi nzima ni tasfida moja ndefu. Haina neno la uongo, na bado imemficha kila mwenye hatia.

Wapo wanaoilaumu ngeli. Husema kwamba kiambishi ki- katika kikongwe, kipofu na kiziwi kinamshusha mtu daraja la kitu. Nadhani hoja hiyo inakwenda haraka mno. Kijana na kiongozi nao wamevaa ki-, na kirangozi, aliyeutangulia msafara akiwa na bendera, aliivaa bila kupungukiwa na heshima. Ngeli haina kosa. Kosa ni la matumizi: kumtaja mtu kwa hali yake mpaka jina lake lisahaulike. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Waliitwa zeruzeru, na miaka ya mauaji ilipopamba moto wakawa wanaitwa dili mitaani. Mtu aliyeitwa dili ameshauzwa kabla hajaguswa. Katika njia ambayo watu walihesabiwa pamoja na pembe, tulipaswa kuwa wepesi kuisikia hatari ya neno hilo.

Tufanye nini basi, tunyamaze? La. Kunyamaza ndiyo tasfida kubwa kuliko zote. Hata Yai la Fuller halikuvunjwa. Lilitolewa baadaye likatazamwa. Ninachopendekeza ni kugeuza kamera.

Tunaye mtangulizi katika hilo. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya kwanza ya upelelezi ya Kiswahili iliyopata sifa kubwa. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio uliotenda, naye Bwana Msa, mwenye kiko chake, anauliza maswali mpaka mkono wa binadamu unaonekana. Fasihi yetu ya uhalifu ilianza kwa kuuondolea mzimu lawama. Tamthilia ya kutisha ya Tabora ingeweza kuanzia hapo, kisha ikaenda hatua ambayo Bwana Msa hakuihitaji: kuingia ndani ya kichwa cha mwenye mkono.

Naifikiria sehemu moja ya tamthilia hiyo. Ni kiangazi, nje ya mji, kwenye moja ya vijiji vilivyoko kando ya njia ya zamani, penye miembe mikubwa. Mtoto anaumwa. Baba yake ni mtu mwema. Tumeonyeshwa wema wake kwa muda wa kutosha hata tukampenda. Anampeleka mtoto zahanati, dawa hakuna. Anakwenda kwa mganga. Wapo waganga wanaotibu kwa mizizi na kwa uungwana, lakini huyu anapiga ramli, ile ambayo Kiswahili cha serikali na cha magazeti kimeipa jina kamili kabisa: ramli chonganishi. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, lakini marufuku haimalizi wateja.

Mganga hamtaji mtu. Hapa ndipo washairi tunapaswa kutetemeka, kwa sababu anatumia ufundi wetu. Anasema: ni wa karibu, ni mwanamke, ni mkubwa kwa umri, umekula kwake. Kisha ananyamaza. Amefumba fumbo na kumwachia msikilizaji alifumbue. Baba yule anajaza pengo mwenyewe, na kwa sababu amelijaza mwenyewe analiamini kuliko kama angeambiwa. Anatoka pale akiwa amepagawa kwa maana zote mbili: amebebeshwa mzigo, na mzigo umemtawala.

Jioni kuna kikao cha ukoo. Hakuna anayepandisha sauti. Baba mkubwa anauliza hali ya mtoto. Mjomba anasema mvua za mwaka huu si nzuri. Mtu anataja shamba la mtoni.

“Shangazi amezeeka sasa,” anasema mmoja.

“Amezeeka,” anaitikia mwingine. “Anahitaji kupumzika.”

“Basi jambo hilo lishughulikiwe.”

Hakuna zaidi. Lishughulikiwe: kauli ya kutendwa, mtenda hayupo. Asubuhi baba yule anapita nyumbani kwa shangazi yake. Bibi yuko jikoni, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Anamwita mwanangu. Anauliza mtoto ameamkaje, anamkaribisha uji, naye anakaa, anakunywa, anamshukuru. Sehemu inaishia hapo, na sufuria bado iko motoni.

Hatujaona tone la damu, wala muziki haujapanda. Nani aliyetisha? Si mwenye macho mekundu. Mtazamaji aliyezoea kumwogopa bibi ameshinda saa nzima akimwogopea, na akizima runinga huenda akamkumbuka baba mkubwa wake mwenyewe na maneno yaliyosemwa kwenye kikao fulani. Hicho ndicho kitisho cha nafsi. Kimejengwa kwa ukarimu, fumbo, tasfida na kauli ya kutendwa, vitu ambavyo Kiswahili kinavyo kwa wingi kuliko majini.

Naijua hoja ya upande wa pili. Watasema hadithi ya kutisha ni burudani, na kwamba mtazamaji aliyechoka kazini hataki kurudishwa kwenye kikao cha ukoo. Anataka jini, apige kelele, acheke, alale. Ni haki yake, na majini yatabaki. Lakini mzigo wa umbo la bibi mchawi hauangukii mabega ya anayecheka. Unamwangukia mwanamke anayeishi peke yake Nzega au Igunga, ambaye huenda hana hata runinga.

Watasema pia kwamba kumwingiza mtazamaji ndani ya kichwa cha muuaji ni kumtetea muuaji. Kwa jibu la hili naona inatosha kumtazama Will Graham. Anaingia katika fikra za wauaji ili awakamate, naye halali usiku kwa sababu anajua jinsi njia ya kufika huko ilivyo fupi. Kumwelewa baba yule si kumsamehe. Ni kuona hatua zake moja moja, na kuitambua ile ambayo mtu angeweza kumshika mkono na kumwambia: ngoja.

Ndugu zangu washairi, tumezoea kuombwa tungo za kampeni: acheni mauaji, tupendane, mzee ni hazina. Tumezitunga, nami sioni aibu nazo. Lakini kazi inayotupasa zaidi iko ndani ya maneno yenyewe. Mkiandika habari ya aliyeuawa, mpeni jina lake, au mwiteni mama, bibi, shangazi, kwa namna jirani zake walivyomwita. Mkipewa muswada wa filamu mrekebishe lugha, ulizeni ni nani anayetisha na kwa nini. Mkikutana na kauli ya kutendwa penye maiti, mtafuteni mtenda. Na mkisikia kikaoni, kwa sauti ya upole, kwamba jambo fulani lishughulikiwe, msiliache lipite. Ulizeni hapo hapo, mbele ya wote, ni jambo gani na ni nani atakayelishughulikia.